Kutoka Mulago hadi Tibanuru: Historia ya Tiba ya Saratani Kampala na Suala la Istilahi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya tiba ya saratani jijini Kampala tangu 1957 kwa nia ya kuandaa lugha ya tiba inayokuja: chembe za kipimo cha nanomita zinazoamshwa kwa nuru ili kuonyesha uvimbe na kuutibu. Hoja kuu ni kwamba neno mionzi, ambalo leo linabebeshwa tiba yoyote ya miali, halitoshi. Likiachwa peke yake, mgonjwa atakosa maelekezo yanayomlinda. Makala yanapendekeza istilahi nne na utaratibu wa kuzijaribu.

1. Utangulizi

Kiswahili kina majina mawili makuu ya ugonjwa huu, na yote mawili yanamtaja kaa, yule mnyama wa pwani. Saratani limetoka katika Kiarabu. Kansa limepitia Kiingereza kutoka Kilatini. Nyuma yake wapo matabibu wa Kiyunani walioufananisha uvimbe na mnyama huyo. Waganda nao husema kookolo. Jina la ugonjwa, basi, si tatizo. Yanayotusumbua ni majina ya tiba, na historia ya Kampala inaonyesha sababu.

2. Mulago na kirusi kilichosafiri, 1957–1967

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya. Muda mfupi baadaye Burkitt alimwona mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Alipekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya uvimbe ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, takribani kilomita 16,000, wakichora ramani ya mahali ugonjwa ulipoonekana. Vitabu vya Kiingereza huiita safari hiyo kwa neno letu wenyewe, safari.

Mwaka huohuo Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akihutubia London, akashuku kuwapo kwa kirusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kupelekwa kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege moja kutua Manchester, na sampuli ikafika ikiwa na ukungu wake yenyewe: majimaji yalikuwa yamechafuka. Kilichodhaniwa kuwa bakteria kilikuwa seli hai zilizoelea, na kutokana nazo seli ziliweza kuoteshwa maabara. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi walichokiona kwa hadubini ya elektroni. Hadubini ya kawaida isingekionyesha, kwa kuwa kipenyo chake hakifiki nanomita 200. Kampala, kwa hiyo, iliingia katika sayansi ya vipimo vya nano kabla neno hilo halijazoeleka popote.

Jambo la pili la miaka hiyo ni dawa. Uganda haikuwa na mashine ya mionzi, hivyo Burkitt akajaribu kemikali, na uvimbe wa baadhi ya watoto ukayeyuka kwa namna iliyowashangaza wataalamu wa nje. Mwaka 1967 kilifunguliwa Kituo cha Tiba ya Limfoma, chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda, kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya saratani ya Marekani, chini ya John Ziegler. Ziegler alipoondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, Charles Olweny aliiendeleza kazi hiyo. Mchango huu ni mkubwa, lakini takribani maandishi yake yote yako katika Kiingereza. Wagonjwa walitoa miili yao kwa elimu ambayo haikurudi kwao kwa lugha yao.

3. Mashine moja, 1995–2018

Tiba ya mionzi ilianza Mulago mwaka 1995 kwa mashine ya kobalti. Mwaka 2016 mashine hiyo iliharibika isitengenezeke, na Uganda ikakaa karibu miaka miwili bila tiba hiyo katika hospitali ya umma. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu Waganda 400 bila malipo ya matibabu. Tukio hilo huzungumzwa kama suala la bajeti, na ni kweli. Kwa mwanaisimu lina funzo la ziada: mgonjwa wa Kampala alilazimika kuvuka mpaka, na maelekezo ya tiba nayo yakalazimika kuvuka pamoja naye. Kinyume chake hutokea kila siku, kwa kuwa Taasisi hiyo, iliyoteuliwa kuwa kituo cha umahiri cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, hupokea wagonjwa kutoka nchi jirani.

4. Nuru kuwa dawa, 1900–2019

Tiba ya nuru ni kongwe kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1900, huko Munich, mwanafunzi Oscar Raab aliona kwamba rangi fulani iliua vijidudu ikiwa tu vimemulikwa. Mwaka 1903 mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, alishiriki kuwatibu kwa njia hiyo wagonjwa wa saratani ya ngozi. Katika miaka ya 1970 Thomas Dougherty aliifufua tiba hiyo nchini Marekani, na mwaka 1993 Kanada ikaidhinisha dawa ya Photofrin. Dawa hiyo hudungwa kwenye mshipa, kisha baada ya siku mbili hivi uvimbe humulikwa. Nuru huiamsha dawa, nayo huzalisha oksijeni kali inayoua seli.

Njia ya pili hutumia joto. Mwaka 2003 kundi la Naomi Halas na Jennifer West, Houston, lilionyesha kwamba vichembe vyenye ganda la dhahabu hupata joto vinapomulikwa na miali iliyo jirani na nyekundu, isiyoonekana kwa macho. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la mwanzo kwa wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume. Vichembe vya namna hiyo vina kipenyo cha takribani nanomita 150, karibu sawa na kirusi kilichotambuliwa katika sampuli za Kampala. Watafiti wengine huviongezea rangi inayong'aa, ili chembe ileile imwonyeshe daktari mpaka wa uvimbe na kisha kuutibu.

Nuru haipenyi mbali mwilini. Hata hivyo, saratani ya shingo ya kizazi na sarkoma ya Kaposi, ambazo ni miongoni mwa saratani zinazoongoza Uganda, mara nyingi huanzia mahali ambapo nuru inaweza kufikishwa. Kujiandaa kwa lugha, basi, si anasa.

5. Mionzi, mwanga au nuru?

Wagonjwa wengi husema "kuchomwa mionzi". Kwa kobalti usemi huo unaeleweka. Kwa dawa inayoamshwa na nuru, unapotosha mara mbili. Kwanza, unaingiza hofu ya mnururisho usiokuwapo. Pili, na hapa ndipo penye hatari, mgonjwa akiambiwa "umemaliza mionzi" ataelewa kwamba amemaliza. Aliyedungwa Photofrin hajamaliza: kwa angalau siku 30 ngozi na macho yake hayastahimili jua. Akitoka mchana wa Kampala, karibu na ikweta, akiwa juu ya bodaboda, ataungua. Wala haitakiwi ajifungie gizani, kwa sababu mwanga hafifu wa ndani humsaidia kuimaliza dawa iliyobaki katika ngozi. Aliyepewa vichembe vya dhahabu hahitaji masharti hayo. Neno moja kwa tiba hizi zote halimsaidii yeyote kati yao.

Neno mwanga nalo lina kasoro. Pwani, mwanga ni mchawi pia. Kampala, ni jina la Kabaka. Nuru haina mzigo huo, na huunganika vizuri na maneno mengine.

6. Hitimisho na mapendekezo

Kwa kufuata mfano wa tibakemia, tunapendekeza nanochembe kwa chembe zenyewe. Dawanuru kwa dawa isiyofanya kazi hadi imulikwe. Tibanuru kwa tiba itumiayo dawa hiyo. Na tibajoto-nuru kwa tiba inayounguza uvimbe kwa joto la nuru. Mionzi libaki kwa kobalti na mashine za aina yake.

Katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2021 Jumuiya ilikifanya lugha yake rasmi. Maamuzi hayo yatapimwa pia kwenye fomu ya ridhaa. Tunashauri Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, Makerere na Taasisi ya Saratani waunde jopo la wauguzi, wanaisimu na wagonjwa waliopona, na kila istilahi ijaribiwe kwa kumtaka mgonjwa aeleze kwa maneno yake atafanya nini kesho yake jua likichomoza. Ikiwa hawezi kueleza, kasoro itafutwe kwanza katika neno. Mashine zilichelewa kufika Kampala kwa sababu ya fedha. Maneno yanaweza kutangulia.