Mshono Uko Wapi? Kisa cha Picha Iliyoungwa kwa Vioo Vitano

Mwaka 1858 ilionyeshwa kule London picha moja iliyowatia watu majonzi, na baadaye ikawatia hasira. Msichana amejilaza kitini, mito imemtegemeza mgongo, uso umenyong'onyea. Nyuma yake amesimama mwanamke. Mwanamke mwingine, mtu mzima, ameketi upande wa miguu yake, anamtazama bila neno. Na kule dirishani kuna mwanamume aliyewapa wote mgongo, anaangalia nje kunakotanda mawingu. Huhitaji kuambiwa. Binti anakata roho na nyumba nzima inajua.

Kumbe hakuna aliyekuwa anakata roho! Mpiga picha, kijana wa miaka 28 aitwaye Henry Peach Robinson, alikuja kueleza mwenyewe kwamba binti yule alikuwa mzima wa afya, wa miaka kama 14, aliyeambiwa ajilegeze tu. Na si hilo peke yake. Watu wale wanne hawakupigwa pamoja. Picha ilitokana na negativu tano, vioo vitano vilivyoungwa juu ya karatasi moja kama fundi cherehani anavyounga mikono na kola. Aliipa jina Fading Away, yaani kufifia polepole.

Ndugu msomaji, usiseme haya ni mambo ya wapiga picha na wewe ni mtu wa kalamu. Sisi tunaoandika hadithi tuna undugu wa damu na Robinson. Mhusika haokotwi njiani akiwa mzima. Unachukua kicheko cha jirani, mwendo wa kondakta wa daladala, ukali wa shangazi, unaviunga, unampa jina. Kisha unawasomea wenzako, nao wanakujia juu. Ndiyo maana nataka tukiangalie kisa hiki kwa makini: walisema nini wale waliomjia juu, na yeye alifanya nini na maneno yao.

KWA NINI WALIUNGA?

Kijana wa leo atauliza, shida yote ya nini? Simu ya mkononi inaunga picha kadhaa kwa kufumba na kufumbua na wala haikutangazii. Lakini zama zile kupiga picha haikuwa mchezo. Mpiga picha alimwaga kolodioni juu ya kioo, akakitumbukiza kwenye maji yenye madini ya fedha, akakitia ndani ya kamera kikiwa kibichi, akapiga, halafu akakimbilia chumba cha giza kukisafisha kabla hakijakauka. Alikuwa na dakika chache tu. Na anayepigwa alitakiwa atulie tuli kwa sekunde nyingi. Ukiwapanga watu wanne na mmoja akakohoa, kioo chote kimeharibika.

Lenzi nazo zilikuwa na yake. Ukimpata vizuri aliye karibu, aliye nyuma anageuka ukungu. Halafu ile dawa ilikuwa na pupa na rangi ya buluu, kwa hiyo anga lilitoka jeupe pe, hakuna hata wingu moja. Huko Ufaransa Gustave Le Gray alikwisha kuutibu ugonjwa huo katika miaka ya 1850: bahari aliipiga kwa kioo kimoja, mawingu kwa kioo kingine, akaviunganisha pale mbingu inapokutana na maji.

Kuunga kwenyewe kulikuwa hivi. Unachukua karatasi yenye dawa, unaweka juu yake kioo cha mtu wa kwanza, sehemu nyingine zote unazifunika kwa kitu cheusi, unaweka juani. Jua likishamchora yule mmoja, unaondoa kioo, unamfunika yeye, unaweka kioo cha wa pili mahali pake hasa. Ukikosea kidogo tu, unapata mstari mweupe au kovu jeusi. Na kila nakala unaanza upya.

ALIYETANGULIA KUCHAPWA

Ili tuielewe hasira iliyompata Robinson, turudi nyuma mwaka mmoja. Mwaka 1857 Oscar Gustave Rejlander, mtu wa asili ya Sweden aliyekuwa akifanya kazi Wolverhampton, alipeleka kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Manchester picha aliyoiita The Two Ways of Life. Alikuwa mchoraji kabla ya kushika kamera, na alitaka kuonyesha kwamba kamera inaweza kufanya kazi ya brashi. Aliunga zaidi ya vioo 30. Kazi ilimchukua wiki kama sita. Picha ilipata upana wa karibu sentimita 80: katikati mzee na vijana wawili, upande mmoja kamari, pombe na wanawake walio uchi, upande wa pili kazi, sala na huruma.

Malkia Victoria aliagiza nakala kwa gini 10 ampe mumewe Albert. Hapo ungedhani mambo yamekwisha. Wapi! Kule Uskoti chama cha wapiga picha kiliikataa, na baadaye ilipoonyeshwa, inasimuliwa kwamba ule upande wa maovu ulifunikwa. Jamani, nusu ya picha nyuma ya pazia! Wengine wakamzushia kwamba wale wanawake ni malaya. Alikana, na hakuna aliyewahi kuleta ushahidi.

Mwaka 1858 Rejlander alisimama mbele ya wapiga picha wenzake wa London akaeleza kila kitu: alivyopanga, alivyofunika, alivyounga. Nia ilikuwa njema, lakini kwa wengi ikawa kama kuwakabidhi fimbo.

MAFUNGU MATATU YA LAWAMA

Zamu ya Robinson ikafika. Mwaka 1860 naye alikwenda mbele ya chama kile cha Uskoti kueleza namna ya kutoa picha moja kwa negativu nyingi. Walimpokea kwa ukali, wakampigia kelele. Ukizikusanya lawama alizotupiwa wakati ule, utaona zinajigawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza lilihusu mada. Walisema kifo cha binti ni uchungu mno kuwekwa kwenye picha. Lakini wachoraji wa wakati huo walichora vitanda vya mauti kila siku na watu wakasifu. Tofauti ni kwamba mchoro hauapi. Picha ya kamera ilionekana kama shahidi aliyekula kiapo.

Fungu la pili lilitoka hapo hapo: umetudanganya. Ulituliza kwa binti ambaye haumwi, na watu ambao hawakukaa pamoja kama tunavyowaona. Hawa hawakuwa na tatizo na namna alivyounga. Tatizo lao lilikuwa kuunga kwenyewe.

Fungu la tatu ndilo la watu walioinamia picha na kuikagua. Wakaziita kazi za namna hii viraka. Wakaangalia mahali vioo vinapokutana, mwanga kama unatoka upande mmoja, mtu kama amekaa kweli chumbani au amebandikwa kama stempu.

Msomaji mpenzi, hapa ndipo penye kiini cha kisa chetu. Anayesema "mshono wako unaonekana hapa" na anayesema "usishone kabisa" wote wawili wanakukosoa. Sauti zao zinafanana, na pengine wa pili ana sauti kubwa zaidi. Lakini wa kwanza ameiangalia kazi yako. Wa pili ameiangalia imani yake.

ROBINSON ALIFANYA NINI?

Hakuacha kuunga, ila alibadilika. Mwaka 1861 alitoa The Lady of Shalott, bibi wa hadithi ya kale amelala ndani ya mtumbwi, imeungwa kwa vioo viwili. Miaka 31 baadaye, mwaka 1892, aliandika waziwazi kwamba lilikuwa kosa baya kujaribu mada ya namna ile kwa sanaa inayoegemea uhalisi kama picha ya kamera. Akasema pia kwamba, ukitoa moja nyingine ya namna hiyo, hakurudia kwenda nje ya maisha ya wakati wake. Hebu tazama hapo. Lawama ya mada hakuimeza nzima, kwa maana Fading Away hakuikana. Alichambua, akachukua chembe iliyokuwa na ukweli: kamera inamwamini zaidi binti wa leo kuliko bibi wa ngano.

Mwaka 1862 akatoa Bringing Home the May, watu wa shamba wakirudi na maua ya majira ya kuchipua. Sasa vioo vimefika tisa. Mwaka 1877 akatoa When the Day's Work Is Done, mzee na mkewe ndani ya nyumba yao ya kijijini, kazi za mchana zimekwisha, vioo sita. Hakuna anayekufa, hakuna bibi wa ngano. Ni jioni ya watu wawili waliozeeka pamoja.

Na ile lawama ya mshono aliigeuza somo. Alikuwa na kawaida ya kuchora kwanza mpango wa picha, kisha kuwapiga watu mmoja mmoja kuufuata, na upo hadi leo mchoro wake wa karibu mwaka 1860 wenye picha ya mtu mmoja tu iliyokwisha kubandikwa, nafasi nyingine zikisubiri. Mwaka 1869 akachapa kitabu, Pictorial Effect in Photography, ambamo alifundisha pia kuunga. Ukikamua mafundisho yake unapata haya: kiungo kiweke pale ambapo jicho halitasimama, kwenye ukingo wa kitu au palipo na giza. Mwanga na vivuli vya vipande vyote vikubaliane. Usiunge kitu ambacho dunia yenyewe isingekiweka pamoja. Kitabu hicho kilitolewa tena na tena na kikatafsiriwa.

Haikuwa kazi nyepesi. Mwaka 1864 alilazimika kuacha studio yake ya Leamington kwa sababu madawa ya picha yalimharibu afya. Miaka minne baadaye akafungua nyingine Tunbridge Wells na kuendelea.

Mwaka 1889 akapata mpinzani mkubwa zaidi. Peter Henry Emerson alichapa kitabu cha kutetea picha ya asili, isiyoungwa, akaibeza njia ya Robinson. Vijana wengi wakamfuata. Mwaka 1890 Emerson huyohuyo akatoa kijitabu kutangaza kwamba mafundisho yake mwenyewe yamekufa. Fikiria kama Robinson angekuwa amechoma vioo vyake kwa ajili ya mtu ambaye mwaka uliofuata angejikana!

NA REJLANDER JE?

Mwaka 1859 Rejlander alimwandikia Robinson kwamba amechoka na kupiga picha kwa ajili ya umma, hasa za kuunga, kwani hazina faida wala heshima, ni maneno tu na kusingiziwa. Nikifika hapo huwa namwonea huruma. Usiseme Robinson alikuwa na bahati ya wakubwa na mwenzake hakuwa nayo. Albert alinunua Fading Away na kuagiza aletewe kila picha ya kuunga atakayoitoa Robinson, sawa, lakini jumba hilohilo la kifalme lilinunua hata ya Rejlander. Kibali cha wakubwa walikuwa nacho wote wawili.

Tofauti ni kwamba lawama nyingi alizotupiwa Rejlander zilikuwa za fungu la pili na za masingizio. Ungerekebisha nini kwenye negativu ili mtu aliyeweka pazia aliondoe? Hakuna. Lawama ya namna hiyo haikuonyeshi pa kushika, na ukiisikiliza mno unabaki na uchungu mtupu.

Hata hivyo kipaji hakikumtoka. Karibu mwaka 1871 alitengeneza picha ya kuunga ambamo Rejlander msanii anamtambulisha Rejlander askari wa kujitolea. Mtu mmoja, mara mbili, karatasi moja, na mzaha wake juu. Mwaka 1872 picha zake zikaingia katika kitabu cha Charles Darwin kuhusu jinsi wanadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Alifariki mwaka 1875, maskini. Robinson aliishi hadi 1901.

SISI NA VIRAKA VYETU

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, lakini wakasema pia penye wengi pana mengi. Kazi ya mwandishi chipukizi ni kujua siku gani methali ipi inatumika. Ukiwasomea wenzako hadithi, mmoja atasema, "Huyu mama sura ya kwanza ni mpole, sura ya tatu anatukana kama mwingine kabisa." Mshukuru, rudi mezani. Amekuonyesha mahali ambapo kioo cha jirani na kioo cha shangazi havijakutana, na mwanga unatoka pande mbili. Mwingine atasema, "Huyu mama hayupo, umemtunga." Mjibu kwa upole kwamba ndiyo, nimemtunga, na ndiyo kazi yenyewe.

Wa tatu ndiye mgumu. Huyu anasema, "Mambo haya ni mazito, achana nayo." Usimtimue, wala usimtii papo hapo. Fanya kama Robinson: pima kama ni woga wake tu, au kweli umeibebesha kalamu yako mzigo ambao bado haijauweza.

Fading Away bado ipo, nakala zake zimehifadhiwa. Ukiipata kwenye kitabu au kwenye skrini, iangalie mara mbili. Mara ya kwanza mwangalie binti. Mara ya pili fuata kingo za pazia na za nguo, utafute alipokutanishia vioo vyake. Halafu chukua hadithi yako uliyoiandika mwezi huu, mpe mtu mwenye jicho kali, na usimuulize kama ni nzuri. Muulize mshono uko wapi.