Kiini cha kompyuta na saa za betri: Mwongozo kwa vituo vya Lodwar na Kakuma

MAJI ya Mto Turkwel yalianza kuzalisha umeme mwaka wa 1991, katika bonde jembamba lililo mpakani mwa Pokot Magharibi na Turkana. Mitambo ya bwawa hilo ina uwezo wa megawati 106, lakini nyaya zake zilielekezwa kusini, hadi Lessos, kuingia katika gridi ya taifa. Mji wa Lodwar, ulio upande wa kaskazini, ulibaki kwa miaka mingi ukitegemea mitambo ya dizeli. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka wa 1992 umbali wa kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar, nayo ikategemea jenereta na paneli za sola.

Ndiyo maana katika eneo hilo anayepokea kompyuta za shule au za kituo cha vijana haulizi kwanza kama zina kasi. Huuliza zitawaka kwa saa ngapi baada ya jua kutua. Wengi hutafuta jibu katika ukubwa wa betri na idadi ya paneli. Sehemu ya jibu, hata hivyo, imo ndani ya kompyuta yenyewe, katika kile kinachoitwa kiini cha mfumo wa uendeshaji, na haigharimu hata shilingi.

Kiini ni nini?

Kiini ni programu inayokaa kati ya vifaa vya kompyuta na programu nyingine zote. Ndicho kinachogawa muda wa prosesa, kinachotunza kumbukumbu, na kinachozungumza na diski, kioo, kibodi na kadi ya mtandao. Programu ya kuandika barua haijui diski imetengenezwa na nani. Hukiomba kiini, nacho hutumia kiendeshi, yaani kipande cha programu kinachoifahamu lugha ya kifaa husika.

Kiini kinachozungumziwa hapa ni Linux, kilichoanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Hutolewa bure pamoja na maandishi yake yote ya ndani, hivyo mtu yeyote anaweza kukisanidi upya. Simu za Android hutumia kiini hicho hicho, kwa hiyo wakazi wengi wa Lodwar na Kakuma tayari wanakibeba mfukoni.

Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Menyu ya kusanidi kiini, hata hivyo, imeandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza kigumu. Makala haya yanalenga kumfafanulia msimamizi wa kituo yale yaliyo muhimu zaidi katika menyu hiyo.

Hesabu ya betri

Tuchukue mfano. Kituo kina betri za volti 12 zenye ujazo wa ampea-saa 200 kwa jumla. Hizo ni wati-saa 2,400. Betri za risasi na asidi huharibika upesi zikikaushwa, kwa hiyo mtu mwangalifu hutumia nusu tu, yaani wati-saa 1,200. Inveta nayo hupoteza sehemu yake. Tuseme zinazofika mezani ni wati-saa 1,000.

Vipakatalishi kumi vinavyokula wati 20 kila kimoja vitamaliza akiba hiyo kwa saa tano. Vikipunguziwa ulaji hadi wati 12, vitawaka kwa saa nane na dakika 20. Tofauti hiyo ya zaidi ya saa tatu ni darasa zima la jioni, na imepatikana bila kununua betri nyingine. Kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, hilo si jambo dogo.

Kutoka APM hadi ACPI

Mwaka wa 1992 kampuni za Intel na Microsoft zilitoa utaratibu ulioitwa APM. Chini yake maamuzi mengi ya kuokoa umeme yalifanywa na programu ndogo iliyofungwa ndani ya ubao mkuu wa kompyuta. Mwezi Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa utaratibu mpya, ACPI, ambao uliyahamishia maamuzi kwenye mfumo wa uendeshaji. Ubao hueleza una vifaa gani na hali gani za kupumzika. Kiini ndicho kinachoamua nani apumzike na wakati gani.

Katika menyu, chaguo la msingi ni CONFIG_ACPI. Chini yake kuna vitawi vya betri, feni, prosesa na joto. Kwa kipakatalishi vyote vinahitajika. Msimamizi akiacha kile cha betri, kompyuta itafanya kazi lakini haitajua chaji iliyobaki, na itazimika ghafla kazi ikiwa haijahifadhiwa.

Baadhi ya kompyuta za zamani zenye ACPI yenye kasoro hukwama wakati wa kuwaka. Mafundi huandika acpi=off katika mstari wa kuwashia, na kompyuta huwaka. Dawa hiyo ina gharama, kwa kuwa karibu uokoaji wote wa umeme hupotea. Ni heri kwanza kutafuta toleo jipya la programu ya ubao mkuu kutoka kwa mtengenezaji.

Mwendo wa prosesa

Prosesa haihitaji kukimbia wakati wote. Chaguo la CONFIG_CPU_FREQ hukiruhusu kiini kupunguza mwendo wake pamoja na volti zake. Volti ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa ulaji wa umeme hukua kwa mraba wa volti.

Wanaoamua mwendo huo huitwa magavana. Si magavana wa kaunti waliochaguliwa kuanzia mwaka wa 2013, bali ni ndugu wa vidhibiti-mwendo vilivyofungwa katika matatu wakati wa kanuni za waziri John Michuki mwaka wa 2004. Gavana performance hukimbiza prosesa daima. Powersave huishikilia chini. Ondemand, aliyeingia mwaka huo huo wa 2004, huupandisha mwendo kazi inapozidi. Na schedutil, aliyekuja mwaka wa 2016, hufuata hesabu za mgawaji wa kazi ndani ya kiini. Katika prosesa nyingi za Intel zilizotengenezwa tangu 2011, kiendeshi kinachoitwa intel_pstate huonyesha majina mawili tu, performance na powersave, na hapo powersave hupanda na kushuka kulingana na kazi.

Wengi hudhani kwamba mwendo wa chini daima ndio uokoaji. Sivyo. Prosesa iliyokwisha kazi haraka na kulala usingizi mzito mara nyingi hutumia umeme kidogo kuliko ile iliyojikokota muda mrefu bila kulala. Kwa hiyo chaguo la CONFIG_CPU_IDLE, linalosimamia mapumziko ya prosesa, lina uzito sawa na lile la mwendo.

Mapumziko hayo yalikuwa yakivurugwa na kiini chenyewe. Viini vya zamani viliiamsha prosesa mara 100, 250 au 1,000 kila sekunde ili kutazama saa, hata kama hapakuwa na kazi. Toleo la 2.6.21 la mwaka wa 2007 lilianza kuiondoa tabia hiyo. Leo chaguo lake huitwa CONFIG_NO_HZ_IDLE, na kwa kituo cha sola halina sababu ya kuachwa.

Usingizi wa aina mbili

Kompyuta inaweza kulazwa kwa namna mbili kuu. Ya kwanza, CONFIG_SUSPEND, huzima karibu kila kitu isipokuwa kumbukumbu. Mtumiaji akigusa kitufe kazi yake hurudi baada ya sekunde chache. Ya pili, CONFIG_HIBERNATION, huandika yaliyomo kwenye kumbukumbu katika diski na kuzima kabisa. Hii huhitaji nafasi ya kutosha ya diski iliyotengwa kama kumbukumbu ya akiba.

Namna ya kwanza inafaa wakati wa mapumziko ya chai. Kwa usiku kucha haifai. Kompyuta kumi zilizolala zikila wati moja kila moja, kwa saa 12 zitakuwa zimekula wati-saa 120. Katika mfano wetu hiyo ni saa moja ya darasa iliyopotea watu wote wakiwa wamelala. Jioni kompyuta zizimwe au zilazwe kwenye diski.

Vipakatalishi vingi vya miaka ya karibuni vina usingizi mwepesi tu, ujulikanao kama s2idle, ambao uokoaji wake hutegemea kila kiendeshi kutii. Faili ya /sys/power/mem_sleep huonyesha kompyuta ina usingizi gani. Neno deep likiwamo, usingizi mzito upo.

Vifaa: nini kiwe ndani, nini kiwe kando

Kila kiendeshi katika menyu kina majibu matatu: y, kiwe ndani ya kiini, m, kiwe moduli inayopakiwa ikihitajika, na n, kisiwepo. Kanuni ni rahisi. Kile ambacho kompyuta haiwezi kuwaka bila hicho, kama kiendeshi cha diski na cha mfumo wa faili, kipewe y. Vinginevyo vipewe m. Anayekosea hapo hukutana na kiini kilichosimama kikilalamika kuwa hakioni diski yake.

Amri ya make localmodconfig, iliyopo tangu mwaka wa 2009, hutazama moduli zinazotumika wakati huo na kuondoa nyingine zote. Hupunguza kazi kwa kiasi kikubwa, lakini ina mtego. Kifaa ambacho hakijachomekwa wakati huo huhesabiwa kuwa hakipo. Chomeka kwanza printa, projekta, kamera na modemu ya mtandao. Modemu nyingi za simu za aina ya USB hutumia kiendeshi kiitwacho option, na fundi anayekisahau atabaki Kakuma bila mtandao wa kupakua alichokisahau.

Kadi za mtandao usio na waya huhitaji pia faili ya ziada kutoka kwa mtengenezaji, mbali na kiendeshi. Kiendeshi kikiwepo na faili hiyo ikikosekana, kadi huonekana lakini haifanyi kazi.

Kuhusu kompyuta ndogo za ubao mmoja kama Raspberry Pi, zilizoanza kuuzwa mwaka wa 2012, utaratibu ni tofauti. Hazina ACPI, kiini husomewa orodha ya vifaa iliyoandaliwa mapema. Nyingi kati yake hazina usingizi wa kumbukumbu, lakini ulaji wao wa wati chache tu huzifanya zifae kuwa seva ya vitabu na masomo.

Joto na vumbi

Mchana wa Lodwar hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Chaguo la CONFIG_THERMAL hukiwezesha kiini kusoma vipima-joto, kuwasha feni, kupunguza mwendo wa prosesa joto likizidi, na hatimaye kuizima kompyuta kabla haijaungua. Kompyuta inayozidi kuwa nzito saa nane mchana huenda haina kirusi; inajikinga na joto. Lakini hakuna chaguo la kiini linaloweza kuondoa vumbi kwenye feni. Kazi hiyo ni ya brashi na mkono wa mtu.

Kabla ya kuanza

Si kila kituo kinahitaji kujenga kiini kipya. Viini vinavyokuja na mifumo ya kawaida kama Ubuntu vina karibu yote yaliyotajwa hapa, na gavana au aina ya usingizi hubadilishwa bila kujenga chochote. Programu ya PowerTOP, iliyotolewa na Intel mwaka wa 2007, huonyesha kompyuta inakula wati ngapi ikiwa kwenye betri na ni programu ipi inayoiamsha prosesa. Pima kwanza. Punguza pia mwanga wa kioo, kwa kuwa mara nyingi kioo ni miongoni mwa walaji wakubwa zaidi.

Sababu nzuri ya kujenga upya ni kompyuta kongwe zilizotolewa kama msaada, zenye kumbukumbu ndogo, au kifaa kisichotambuliwa na kiini kilichopo. Hata hivyo, kiini cha Linux kiliacha kuzitambua prosesa za 386 tangu toleo la 3.8 la mwaka wa 2013, na mifumo mingi imeacha kompyuta za biti 32. Kituo kiulize jambo hilo kabla ya kukubali msaada, kwa kuwa kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na kioo chake kinene hula wati 100 na zaidi.

Anayejenga azingatie mambo manne. Kwanza, anakili usanidi wa kiini kinachofanya kazi kutoka folda ya /boot, asianze na ukurasa mtupu. Pili, akipe kiini kipya jina lake katika CONFIG_LOCALVERSION ili moduli zake zisifute za zamani. Tatu, akiache kiini cha zamani katika menyu ya kuwashia hadi kipya kijaribiwe kwa siku kadhaa, kikiwa kimelazwa na kuamshwa mara nyingi. Nne, ajenge wakati wa jua kali au kwenye kompyuta yenye nguvu kwingineko. Kujenga kiini kwenye mashine kongwe huchukua saa nyingi huku prosesa ikikimbia kwa mwendo wa juu kabisa, na atakayeanza kazi hiyo magharibi atakuwa amekula umeme wa darasa ili kuokoa umeme wa darasa.

Haba na haba hujaza kibaba. Wati nane kwa kila kompyuta ni kidogo mno kwa mtu wa Nairobi aliyeunganishwa na gridi. Kwa darasa la Kakuma lenye kompyuta kumi na betri zilizojazwa na jua la mchana, ni tofauti kati ya kufunga mlango saa mbili usiku na kuufunga saa tano.