Sindano Iliyookoa Miguu

Mguu wa mwanadamu ni mfano wa shamba lililo mbali na mto. Maji yake ni damu, na mfereji wake ni ateri, yaani mshipa uichukuao damu kutoka moyoni. Mfereji ukiziba, shamba hukauka. Kadhalika ateri ya paja ikijaa shahamu na chokaa, mguu huanza kufa mwenyewe angali hai. Kwanza mwendo huleta maumivu; kisha maumivu hayaachi hata usiku; mwisho vidole hugeuka vyeusi na donda ndugu huingia. Wavutao tumbaku na wenye ugonjwa wa kisukari ndio wapatwao zaidi na maradhi haya.

Kwa karne nyingi tabibu hakuwa na dawa ya donda hilo ila msumeno. Alikata mguu ili aokoe roho. Hata ilipojulikana kuwa kisa chake ni damu isiyopita, kushona mshipa kulimshinda. Mshipa ni mwembamba na laini. Ukishonwa vibaya huvuja, na damu ikigusa ukingo uliochanika huganda, mfereji ukaziba upya.

Mwezi wa Juni 1894, Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon. Kisu kilikata mshipa mkubwa uendao inini, na madaktari wakamtazama akifa kwa kukosa njia ya kuushona. Mjini humo palikuwa na kijana aliyekuwa akisomea utabibu, jina lake Alexis Carrel, na kifo kile kilimchoma moyo. Alikwenda kwa mwanamke mdarizi, Bibi Leroudier, akajifunza kwake kutumia sindano nyembamba na uzi wa hariri. Mwaka 1902 aliitangaza njia yake: alitia nyuzi tatu katika mdomo wa mshipa, akazivuta mpaka duara ikawa pembetatu, kisha akashona upande mmoja mmoja, kama ashonaye pindo la nguo iliyonyoka. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Daktari hakuona haya kuketi mbele ya mdarizi, kwani kuuliza si ujinga.

Hata hivyo, elimu hiyo haikuwafikia wagonjwa upesi. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wengi waliokatika ateri walifungwa mshipa tu ili damu isiwamalize. Hesabu ya majeraha 2,471 ya askari wa Marekani, iliyotolewa mwaka 1946, ilionyesha kuwa karibu nusu ya waliofungwa mshipa hivyo walipoteza kiungo. Katika Vita vya Korea, vya 1950 hadi 1953, madaktari walishona badala ya kufunga, na waliokatwa viungo wakapungua hata wakawa kama 13 katika kila 100.

Ama mguu uliozibwa na ugonjwa, mkombozi wake alikuwa Jean Kunlin wa Paris. Mkuu wake, René Leriche, alikuwa tabibu mwenye sifa nyingi, na fundisho lake lilikuwa kukiondoa kipande cha ateri kilichoziba na kukata neva zibanazo mishipa. Kunlin alikuwa na mgonjwa ambaye matibabu hayo hayakumfaa, na mguu wake ulikuwa ukingoni mwa kukatwa. Tarehe 3 Juni 1948 alitwaa vena ndefu ya mguu wa mgonjwa mwenyewe, akaigeuza juu chini, kwa sababu ndani ya vena mna vilango viruhusuvyo damu kwenda upande mmoja tu. Ncha moja aliishona ubavuni mwa ateri juu ya mahali palipoziba, na ncha ya pili ubavuni chini yake. Kizuizi hakukigusa, alikizunguka, kama mkulima achimbaye mfereji mwingine kando ya jabali lisilovunjika. Na kwa kuwa alishona ubavuni, vijishipa vidogo vilivyokuwa vikiulisha mguu kwa taabu viliachwa salama. Heparini, dawa izuiayo damu kuganda, ambayo asili yake iligunduliwa Marekani mwaka 1916, ilimsaidia. Damu ikashuka, na mguu ukaokoka.

Tangu hapo wengine wameongeza yao. Katika miaka ya 1950 ilianza kutumiwa mirija ya kitambaa, na mwaka 1964 Charles Dotter wa Marekani alionyesha kuwa ateri yaweza kupanuliwa kwa mrija upenyezwao ndani yake. Lakini hata leo, kwa njia ndefu ya kando, vena ya mgonjwa mwenyewe, ikiwa nzima, hupendelewa kuliko kitambaa. Wala si kila mguu huokolewa: njia mpya nayo huweza kuziba, na mgonjwa achelewaye hukuta msumeno ungali unamngoja.

Basi msomaji akimwona mtu atembeaye kwa mguu uliokuwa umehukumiwa kukatwa, akumbuke kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Daktari aliushona mshipa, lakini sindano aliifundishwa na mdarizi.