Kung'atuka: Safari ya Kitenzi Kimoja

Kuna kitenzi kimoja kilichowahi kuvuruga kikao cha ukoo wetu kule Old Moshi. Tulikuwa tumekaa karibu na migomba, kata ya mbege inazunguka, mazungumzo ni ya kihamba. Baba mdogo ndiye kitinda mimba, na kwa mila yetu Wachagga kitinda mimba ndiye hurithi nyumba ya wazee. Alikuwa amechoka na maneno ya kuzunguka. Akasema: "Mzee, umri umekwenda. Sasa ung'atuke."

Kimya. Babu akaweka kata chini. "Mwanangu, neno hilo haliamrishwi. Anayeng'atuka ni yule aliyeng'ata."

Basi nikashuka mjini kwa kipanya huku neno limenikaa kichwani. Nikaanza kulivunjavunja kama tunavyofanya sisi wagonjwa wa lugha. Funga huzaa funguka, kunja huzaa kunjuka, ziba huzaa zibuka. Kwa hiyo ng'ata nayo izae ng'atuka, yaani meno yanaachia. Sikio la Mswahili linaridhika kabisa, na bila shaka ndiyo sababu neno lilipokuja halikuonekana mgeni.

Lakini lilikuja kweli, jamani. Kwa maana ya kuacha uongozi, neno hili limetoka mkoani Mara, mashariki ya Ziwa Victoria, kwa Wazanaki. Kwao, rika la wazee likimaliza zamu yake ya kuongoza, huwaachia walio nyuma yao. Wazee hawafukuzwi. Wanabaki kuwa wazee, ila uamuzi umehamia kwa wengine. Mtoto mmoja wa Kizanaki kutoka Butiama, Julius Nyerere, ndiye aliyelichukua neno la nyumbani kwao akalitia katika siasa ya taifa. Tarehe 5 Novemba 1985 akamwachia urais Ali Hassan Mwinyi, na nchi nzima ikajifunza kusema: Mwalimu ameng'atuka.

Mtu atauliza, kwani Kiswahili kilikuwa hakina maneno? Kilikuwa nayo, tena mawili, na yote yalitujia kwa Kiarabu. Kuna kujiuzulu na kuna kustaafu. Lakini kujiuzulu kuna harufu ya kashfa. Edward Lowassa alipoacha uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sababu ya sakata la Richmond, hakuna aliyesema ameng'atuka. Alijiuzulu, basi. Kustaafu nako ni habari ya kalenda: miaka imetimia, chukua mafao yako uende. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoweza kubeba jambo la mtu mwenye nguvu bado, asiyesukumwa, anayefungua meno mwenyewe.

Hata hivyo, tuseme kweli: Mwalimu hakuachia yote siku ile moja. Uenyekiti wa CCM aliendelea kuushika mpaka 1990. Wapo waliosema alikuwa anamsindikiza mrithi wake. Wapo waliosema jino moja lilikuwa bado limebaki kwenye nyama. Mimi naona neno lilianza kuyumba hapohapo, mdomoni mwa mwenyewe.

Baada ya hapo likabadilika zaidi. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, neno la hiari likawa neno la kelele: fulani ang'atuke! Mwinyi aliondoka 1995, Mkapa 2005, Kikwete 2015, kila mmoja baada ya vipindi vyake viwili vya katiba. Hao tunawaita marais wastaafu. Hatujapata kumwita mtu Rais Mng'atukaji! Na ukisoma magazeti ya Kenya, hata kocha wa mpira akiacha timu baada ya kufungwa mfululizo, wanaandika ameng'atuka. Lile rika limepotea, na zamu imepotea. Limebaki tendo la kutoka tu.

Hapa mlimani kwetu tuna historia yetu ya jambo hilohilo, ila kitenzi ndicho kilichokosekana. Thomas Marealle alisimikwa Mangi Mkuu wa Wachagga mwaka 1952, kwa shangwe kubwa. Miaka minane tu baadaye, mwaka 1960, Wachagga walipiga kura wakachagua kuwa na rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu, na Solomon Eliufoo akashika nafasi hiyo. Kura ilimwondoa Marealle. Hakung'atuka. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya kumbukumbu wanayobaki nayo watu, wengine wakilia na wengine wakicheka, katika migomba ileile.

Nimalizie na babu. Mwaka uliofuata alituita tena, safari hii mwenyewe. Akaingia ndani, akatoka na ule mkasi wake wa kupogolea kahawa, mpini umelainika kwa viganja vyake. Akamkabidhi baba mdogo mbele yetu sote. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Matawi ya upande wa mfereji yanataka kukatwa kabla ya mvua."

Baba mdogo, aliyekuwa akidai kwa sauti mwaka mzima, akabaki ameshika mkasi bila kujua aanzie mti gani. Ilibidi amwulize babu.

Ndipo nilipowaelewa Wazanaki. Sisi vijana tunapenda kulipiga kelele neno hili: wazee wang'atuke vyamani, maofisini, hata kwenye kurasa za magazeti. Sawa, tuliseme. Lakini rika linaloachia lilikuwa na rika linalopokea, na upande huo wa neno ndio tuliousahau kabisa. Jumamosi hii napanda Old Moshi. Babu ameahidi kunifundisha kupogoa.