Mgeni Aliyempa Mwenyeji Jembe: Kuandika Habari za Mzungu katika Ukanda wa Shaba

Katika fasihi ya Kiarabu, rihla, yaani maandishi ya msafiri anayeeleza nchi alizozipitia na watu aliowakuta, ilipata uhai mpya mwaka 1834, pale Rifa'a al-Tahtawi, mwanachuoni wa Misri aliyekaa Paris kuanzia 1826 hadi 1831, alipochapisha kitabu juu ya Wafaransa ambamo desturi za wenyeji zilikuwa pia kipimo cha desturi za msafiri mwenyewe. Maandishi ya namna hiyo husimama juu ya sharti moja: msafiri hutoka kwao, huangalia, kisha hurejea kusimulia.

Katika ukanda wa shaba wa Katanga, ambao sehemu yake ya magharibi leo ni jimbo la Lualaba lenye makao makuu Kolwezi, sharti hilo lilipinduka, kwa kuwa aliyesafiri ni Mzungu. Mwaka 1886 mmisionari Frederick Stanley Arnot alipokewa Bunkeya, mji wa Msiri, mfalme wa Wayeke mwenye asili ya Unyamwezi, ambaye dola yake ilineemeka kwa biashara ya shaba na pembe za ndovu. Lakini tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II na kubebewa mizigo na wapagazi wa Zanzibar. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe, kwani baada ya kampuni ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, na mji wa Kolwezi kuanzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi, wenyeji waliajiriwa machimboni na majikoni mwa Wazungu.

Kutoka majikoni humo ilitokea rihla ya kinyume. Mwaka 1965, huko Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani, historia ya mji huo kwa Kiswahili cha Katanga, ambacho huwaita Wazungu "bazungu". Ingawa iliitwa "Vocabulaire", yaani msamiati, haikuwa kamusi, bali kumbukumbu ya ujio wa wageni hao na ya maisha ya "boyi", kama mtumishi wa nyumbani alivyoitwa.

Al-Tahtawi alimwangalia Mzungu akiwa mgeni wake. Boyi alimwangalia akiwa mtumishi wake, karibu kabisa na meza yake lakini bila haki ya kuketi. Kwa hiyo, alipoeleza bazungu ni watu gani, alieleza pia yeye mwenyewe alifanywa nani. Msafiri wa Misri alirejea kwao kusimulia. Boyi hakuwa na pa kurejea, kwa sababu nchi ya kigeni ilikuwa imejengwa juu ya nchi yake.