Baba wa Koko Alifungwa kwa Ajili ya Majani

Leo sitaongea siasa, naongea majani. Ingawa mtaona kwamba siasa imo ndani.

Kila mwaka, mvua ikishakatika mwezi wa sita, miembe ya kwetu katika Uwanda wa Ruzizi inaangusha majani mengi. Asubuhi saa kumi na mbili unasikia fagio katika kila kiwanja. Saa moja moshi umeshapanda. Mimi nilikulia ndani ya moshi huo na sikuwahi kuuliza kitu. Uwanja safi ni uwanja usio na jani, basi.

Mwaka jana nilirudi nyumbani na diploma yangu ya historia. Rafiki yangu aliyehamia Marekani alinitumia sauti kwenye simu. Alisema kule mwezi wa kumi miti inavua majani yote kwa pamoja. Wengine wanayajaza kwenye mifuko na kuyaweka kando ya barabara yachukuliwe. Wengine wanapitisha mashine ya kukatia nyasi juu yake, yanasagika vipande vidogo, yanabaki palepale kulisha udongo. Nikasema, bon, na sisi tunaweza. Nikamwomba koko asichome ya kwetu. Ningeyatandaza kwenye bustani ya lengalenga na nyanya nyuma ya nyumba.

Koko alicheka. Halafu akaacha kucheka.

"Weye mutoto ya masomo," akasema, "baba yangu alifungwaka juu ya majani."

Koko alizaliwa ng'ambo ya Ruzizi, katika milima ya Urundi, akaolewa huku kwetu. Baba yake alikuwa na miti ya kahawa. Sheria ilisema chini ya kila mti wa kahawa udongo ufunikwe na nyasi. Mwaka mmoja nyasi zilikuwa chache. Akachagua kuezeka nyumba kwanza, na zilizobaki akampa ndama. Agronomu alipopita akakuta udongo uchi. Mzee akalala ndani siku mbili. Koko alikuwa mtoto, lakini anakumbuka mama yake akikata nyasi usiku kwa kuogopa.

Nilikaa kimya. Miaka mitano chuoni nilisoma historia ya ukoloni, na hiyo ya nyumbani kwetu sikuijua.

Tuweke tarehe sasa. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1933 Wabelgiji walifanya mambo mawili. Tarehe 5, dekreti moja iliruhusu kumlazimisha mwanakijiji wa Kongo kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, mpaka siku 60 kwa mwaka. Asiyetii, adhabu. Tarehe 22 ilianzishwa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, mama wa INERA ya leo. Ilikuja kuwa na vituo Mulungu hapa Kivu, Rubona kule Rwanda na Kisozi kule Burundi. Yaani sayansi na fimbo zilitoka mwezi mmoja. Ruanda-Urundi nako, kuanzia miaka hiyo ya 1930, kampeni ya kahawa ilikwenda vilevile: panda, funika na nyasi, tutakuja kukagua.

Na tusidanganyane, sayansi yenyewe haikuwa ya uongo. Udongo uchi unachomwa na jua. Mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa ikija inaupiga, unaziba, maji yanashindwa kuingia, yanaukokota mpaka mtoni. Ukiufunika, jani linapokea pigo la mvua, unyevu unakaa, magugu yanapungua, na nyungunyungu wanapata kazi. Hata hivyo, wazee wetu hawakungoja Mbelgiji kuwaambia hayo. Ingia kwenye migomba yoyote ya Bushi, au ya Wahaya kule Bukoba. Majani makavu na vigogo vilivyokatwa vinaachwa chini ya mgomba, na taka za jikoni zinatupwa humo. Ndiyo maana migomba iliyo karibu na nyumba inazaa miaka na miaka.

Sasa ubaya ulikuwa wapi? Ubaya ulikuwa katika hesabu. Kufunika shamba la kahawa kunadai nyasi nyingi, pengine za eneo kubwa kuliko shamba lenyewe. Nyasi hizo zilikuwa na wenyewe: paa la nyumba, ng'ombe, shamba la maharage. Kumwambia mtu apeleke zote kwenye kahawa ni kumwambia udongo wa zao la biashara unywe na udongo wa chakula chake ukauke. Na mgongo uliobeba nyasi mara nyingi ulikuwa wa mwanamke, wakati jina kwenye daftari la kahawa lilikuwa la mume.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja Mission Antiérosive katika milima ya Kivu: chimbeni mitaro, pandeni ua wa majani kukata mteremko. Hata hiyo ilikuwa na faida. Lakini ilikuja kwa amri, na uhuru ulipofika 1960 watu wengi waliiacha. Hatukuwa peke yetu. Murang'a, Kenya, mwaka 1947 watu waligoma kuchimba matuta. Uluguru, Tanganyika, mwaka 1955 amri ya matuta ilileta ghasia. Popote udongo ulipohifadhiwa kwa kulazimishwa, kuacha kuuhifadhi kulionekana kama uhuru.

Hapa ndipo nilipoelewa kicheko cha koko. Kwake yeye, kuchoma majani si ujinga. Ni haki ya mtu kufanya anachotaka na jani lake.

Leo mradi ukifika uwandani na makaratasi yake na kofia zake, watu wanaandikisha majina, wanafunika mistari miwili karibu na barabara ili mgeni apige picha, na akiondoka wanachoma. Sisi wasomi tunasema "watu hawaelewi." Mimi mwenyewe nilisema hivyo. Kumbe wanaelewa sana. Mtu aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hawezi kulisha udongo atakaonyang'anywa msimu ujao. Na mabua ya mahindi baada ya mavuno, ng'ombe watapita na kuyala, utake usitake. Ukitaka jani libaki shambani, anza na swali la shamba ni la nani, na jani ni la nani.

Mimi na koko tulikubaliana hivi: nusu yake, nusu yangu. Majani ya karibu na mlango anachoma, kwa sababu ya nyoka, na hapo ana haki. Ya nyuma nilitandaza, unene wa vidole vinne, nikaacha nafasi kuzunguka shina ili lisioze. Sikuyafukia, maana jani kavu likichanganywa ndani ya udongo, vijidudu vinavyoliozesha vinanyang'anya kwanza nitrojeni ya mmea. Mchwa walikuja, kama koko alivyosema, na wakala nyanya tatu. Lakini upande usiofunikwa nilimwagilia kila jioni, na upande uliofunikwa nilikuwa naruka siku mbili bila lengalenga kulegea. Kwa nyumba inayochota maji mbali, hizo ni bidoo nyingi.

Mwezi wa nane nilimkuta koko amebeba majani kwenye ungo, anayapeleka nyuma. Sikusema kitu. Yeye ndiye aliyesema: "Sasa hakuna mutu ananituma."

Wandugu, ukirudi kwenu na diploma yako ya agronomia, ya maendeleo au ya historia kama mimi, kabla ya kuandika mradi, keti na mzee mmoja. Muulize nani alitozwa faini, kwa kosa gani, nani alifungwa. Wanaokumbuka miaka ya 1950 wanazidi kupungua. Mkiwa na habari za kwenu, za kahawa, pamba au mitaro, ziandikeni hapa chini tuzisome.