Kalenda ya Wapagazi

Kampuni za utalii humshauri mgeni aje kati ya Juni na Oktoba, na wengi wetu hudhani ushauri huo ulishuka uwanja wa ndege pamoja na watalii. La hasha! Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walikwisha kuujua. Wengi walivuna kwanza, wakajitwisha pembe za ndovu, wakateremka pwani wakati wa kiangazi. Mvua za kupandia zikikaribia, walitaka wawe kwao, jembe mkononi. Mwenye msafara aliyeipuuza kalenda hiyo alihangaika kupata watu, hata awe na robota ngapi za vitambaa.

Henry Morton Stanley wa gazeti la New York Herald aliondoka Bagamoyo Machi 1871, masika yakibisha hodi. Sidhani alikuwa mjinga. Alikuwa na haraka, ugonjwa wetu sote waandishi. Katika mbuga ya Mkata watu walipita ndani ya maji yaliyofika kiunoni, mizigo kichwani. Punda wakafa, yeye mwenyewe akashikwa na tumbo la kuhara damu. Novemba akamkuta Livingstone kule Ujiji, sifa zikawa zake. Wengi wa waliobeba mizigo katika maji yale hatuwajui hata kwa majina.

Sehemu ya mbuga ile ya Mkata leo imo ndani ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Masika yakikolea, baadhi ya njia zake hazipitiki, na dereva wa watalii hugeuza gari.